Tengeneza halil yako: bomba la matete lililolia Hekaluni

Shalom, ndugu zangu. Mezani hapa nina matete makavu, kisu chenye makali, uzi, msumari na kidonge cha nta ya nyuki. Leo tunatengeneza bomba la kupuliza la aina ile ambayo Biblia zetu zinaiita filimbi. Ninasema hasa na walimu wa kwaya na wa shule ya Jumapili, maana kuna mtoto wa miaka minane aliniuliza swali likanikalia kichwani wiki nzima: "Mwalimu, msibani filimbi ilikuwa ya nini?"

Alikuwa amesoma Mathayo 9:23. Yesu anafika nyumbani kwa yule jumbe aliyefiwa na binti yake, anawakuta wapiga filimbi na watu wakifanya ghasia. Mtoto yule filimbi anayoijua ni ya refa, na hana kosa. Neno letu limebeba vitu viwili, na darasani tunampa kile kisichohusika.

Kwa Kiebrania ala hiyo ni halil, jina linalotokana na kutoboa. Kwa Kiyunani cha Agano Jipya ni aulos. Ndani ya mdomo wa mpigaji kulikuwa na ulimi wa tete unaotikisika, na huo ndio unaotoa sauti. Kwa hiyo ukitaka ndugu yake wa hapa kwetu, nenda Pwani ukasikilize zumari kwenye ngoma za Lamu au Mombasa: sauti kali, yenye kupenya, inayofika nyumba ya tano. Soma sasa 1 Wafalme 1:40, siku Sulemani alipotiwa mafuta, watu wakapiga mabomba yao hata nchi ikawa kama inapasuka. Kwa zumari, mstari huo unaeleweka.

Haya, tuanze.

Hatua ya kwanza, matete. Yatafute kando ya mto au bwawa. Chagua yaliyokomaa, yaliyogeuka manjano yenyewe. Tete bichi husinyaa na kazi yako yote inapotea. Unahitaji vipande viwili vyenye unene wa kidole kidogo, na vingine viwili vyembamba zaidi, ambavyo vitaingia ndani ya vile vinene. Yaanike kivulini, si juani, yasipasuke. Yakishakauka, yachemshe dakika chache kisha uyakaushe tena, kwa kuwa kitu hiki kitaingia mdomoni.

Hatua ya pili, mwili wa bomba. Kata pingili ndefu ya sentimita 20, iwe wazi pande zote mbili. Ikiwa kuna fundo katikati, litoboe kwa waya. Sasa pima kutoka mwisho wa chini: tundu la kwanza sentimita 4, halafu kila baada ya sentimita 2 na nusu, matundu manne. Pasha msumari moto, utoboe polepole. Kisu kikitumika hapa tete linachanika. Watoto wakae mbali na moto. Hatua hii ni ya mtu mzima.

Vipimo hivi ni vya kwangu, vya bomba la mazoezi. Muundo nimeufuata wa mijwiz, bomba pacha la matete ambalo wapigaji wa Palestina, Lebanon na Syria wanalipiga hadi leo kwenye harusi.

Nikishatoboa, wengi hunishauri nipake vanishi liwe na mng'ao. Acha. Talmud, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, katika sehemu iitwayo Arakhin, inasimulia kwamba Hekaluni kulikuwa na bomba la tete, laini na jembamba, lililosemekana kutoka siku za Musa. Mfalme akaamuru livikwe dhahabu. Likavikwa, na sauti yake ikaharibika. Walipolivua dhahabu, utamu wake ukarudi. Mishna nayo, sheria za mapokeo ya Kiyahudi zilizokusanywa karibu mwaka 200 baada ya Kristo, inasema hawakupiga bomba la shaba bali la tete, kwa sababu sauti ya tete ni tamu zaidi. Nyumba ile ilijaa dhahabu, lakini kwa kitu hiki kimoja waliacha sikio liamue. Kwa hiyo piga msasa kidogo kwenye ncha zisikukwaruze, basi.

Hatua ya tatu ndiyo roho ya kazi: ulimi. Chukua tete jembamba, kata kipande cha sentimita 6 chenye fundo upande mmoja, ili upande huo ubaki umeziba. Nusu sentimita chini ya fundo, ingiza kisu kwa mshazari mpaka ufikie uwazi wa ndani. Sasa geuza makali na upasue kuelekea chini, polepole sana, sentimita 2 hivi. Umepata ulimi: juu umeachia, chini bado umeshikana na tete. Tazama kidole changu, nauinua kidogo tu, nauachia, unarudi. Unapaswa kurudi, ila usizibe kabisa.

Utie wote mdomoni, midomo yako ikae chini ya ulimi bila kuugusa, upulize. Ukilia, mshukuru Mungu, maana mara ya kwanza haulii. Mimi nilikata saba kabla wa nane haujakubali. Ukiwa kimya na pumzi haipiti, ulimi umelala: pitisha unywele mmoja chini yake, karibu na shina, utauinua kiasi kinachotakiwa. Pumzi ikipita bure bila sauti, umeinuka mno: ubonyeze na uushikilie kwa muda. Ukiwa mgumu, paruza mgongo wake kwa kisu, vumbi kwa vumbi. Ukiparuza karibu na ncha sauti inapanda, ukiparuza karibu na shina inashuka. Kisha zungushia uzi pale ulimi unapoanzia. Ukiusogeza uzi kuelekea ncha, sehemu inayotikisika inapungua na sauti inapanda. Huo ndio ufunguo wako wa kupatanisha sauti, utautumia sasa hivi.

Hatua ya nne, pacha. Tengeneza bomba la pili lililo sawa na la kwanza, kisha chomeka kila ulimi kwenye mwili wake na kuziba kiungo kwa nta. Kwa nini mawili? Kwa sababu wapigaji wa nchi zile tunawaona hivyo. Kinara cha udongo kutoka Ashdodi ya Wafilisti, cha karibu miaka 3,000 iliyopita, kina wanamuziki kukizunguka, na mmoja ana mabomba mawili mdomoni. Kutoka Tel Malhata, katika Negebu, kuna sanamu ndogo ya karne ya 7 kabla ya Kristo, naye anapuliza mawili. Wao wanayatanua kama miguu ya mtu aliyesimama imara, kila mkono na bomba lake. Kwa anayeanza, yafunge sambamba kwa uzi na nta, ili kidole kimoja kizibe matundu mawili kwa pamoja.

Puliza yote mawili. Sasa cheza na zile nyuzi za ulimi mpaka sauti zikaribiane. Zikikaribiana bila kulingana kabisa, utasikia mtetemo, kama sauti moja inayotetemeka kwa kilio au kwa furaha. Usiuondoe mtetemo huo.

Hatua ya tano, pumzi. Jaza mashavu hewa. Wakati mashavu yanasukuma hewa nje, vuta nyingine kwa pua. Jizoeze kwanza kwa mrija na glasi ya maji: mapovu yasikatike. Itachukua wiki kadhaa, usikate tamaa. Wapiga zumari wa Pwani wanafanya hivyo hivyo.

Sasa, upige wapi? Hapa nitamjibu yule mtoto. Bomba hili lilienda kotekote walikoenda watu. Mishna inasema hata mtu maskini kuliko wote katika Israeli, akifiwa na mkewe, asikose kukodi mabomba mawili na mwanamke mmoja wa kuomboleza. Basi nyumbani kwa jumbe, mtu mwenye cheo, wapigaji wangekosekana vipi? Yeremia 48:36 anasema moyo wake unamlilia Moabu kama filimbi. Wapigaji hao hao walikodiwa kumsindikiza bibi harusi. Ndiyo maana Yesu, katika Mathayo 11:17, anawataja watoto sokoni wakinung'unika kwamba wamewapigia wenzao filimbi na hawakucheza. Na Isaya 5:12 anawakemea walioipiga filimbi penye divai karamuni wasiziangalie kazi za BWANA. Bomba lile lile, na kilichobadilika ni moyo wa aliyelishika.

Kwa walio na darasa la watoto, napendekeza maandamano ya malimbuko. Watu wa vijijini walipopeleka mazao ya kwanza Yerusalemu, mbele alitembea ng'ombe mwenye pembe zilizofunikwa dhahabu na taji la mzeituni kichwani, na bomba likapigwa mbele yao mpaka Mlima wa Hekalu. Sisi tuna siku ya mavuno kanisani. Mpe mtoto mmoja bomba, wengine mahindi na ndizi, watembee kutoka lango la nje hadi madhabahuni.

Kwa kwaya ya watu wazima, fuateni utaratibu wa Hekalu wenyewe. Halil ilipigwa mbele ya madhabahu siku 12 tu kwa mwaka: Pasaka ya kwanza na ya pili (ile ya waliokosa ya kwanza) zinapochinjwa, siku ya kwanza ya Pasaka, Pentekoste, na siku nane za Vibanda. Wapigaji hawakupungua mabomba mawili wala kuzidi 12. Na walikuwa na namna yao ya kumalizia, ambayo nimeijaribu na ninaipenda kuliko yote niliyowaonyesha leo. Wote pigeni pamoja mpaka mstari wa mwisho. Mkifika hapo, mnyamaze, abaki mmoja peke yake na bomba moja, aumalizie wimbo taratibu mpaka pumzi yake iishe.