Yai la kichocho na ukuta ndani ya ini: niliyoongea Mwaloni, Kirumba

Mwangaluka ndugu zangu, na wazee wangu shikamooni. Nianze na mwiba wa sato, maana hapa soko la samaki la Mwaloni, Mwanza, nani haujamchoma? Baada ya masaa machache kidole kimevimba, kinawaka moto, kinapwita. Hao ni askari wa kwanza, seli nyeupe zinaitwa neutrofili, zinamwaga sumu kuua bakteria ila sumu yenyewe haichagui, inaunguza mpaka nyama yako. Zikishakufa zinakuja makrofeji, seli nyeupe nyingine za kumeza uchafu, kumeza hizo maiti, na hapa ndo pananifurahishaga sana, makrofeji ikishameza inabadilika tabia, inapunguza kuita askari inaanza kutoa kemikali za kupoza, mojawapo intalukini-10, kidonda kinafunga.

Sasa kichocho, hiki cha tumbo. Wengi mnadhani mnyoo ndo unakula ini, hapana jamani. Minyoo inakaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo miaka na miaka, jike linataga mamia ya mayai kwa siku, mengine yanatoka na choo, mengine damu inayasomba mpaka kwenye ini yanakwama huko. Nimeliangalia hilo yai kwenye darubini, lina kamwiba ubavuni kabisa. Linatoa sumu, kwa hiyo seli za kinga zinalizunguka zinajenga ukuta, na ukuta huo unaokoa ini, ila ukizidi unageuka kovu, damu inakosa njia, tumbo linajaa maji, mtu anatapika damu. Nimewaona watu hao, inauma.

Wanaozuia ukuta usizidi ni pamoja na seli T za kutuliza, nazo ni aina ya seli nyeupe za damu. Shimon Sakaguchi wa Japani alizionyesha 1995, Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani wakaja na jeni ya FOXP3 mwaka 2001, baadaye ikajulikana ndo inaziendesha, na 2025 wote watatu wakapewa Nobeli, wamestahili kabisa. Hizi seli zinanyonya intalukini-2, kemikali ambayo seli T za vita zinaitegemea, wale wanalegea, halafu nazo zinatoa ileile intalukini-10. Ndo maana kichocho kikikaa muda mrefu, kuta mpya kwenye ini huwa ndogo kuliko zile za mwanzo.

Ila watatuliza mpaka lini kama mayai yanaingia kila siku? Dawa ya kichocho, prazikwanteli, inaua minyoo iliyokomaa, ile michanga inaponyoka, kwa hiyo ukimeza mwaka huu ukarudi majini, utameza tena. Mama mwenye beseni la dagaa pale nyuma, nimekuona, uliza mama.