Cherehani ya Lyon: Jinsi Picha Zilivyoanza Kutembea

KOMBO: Leo, Zuhura, tunaanza na cherehani ya mama yako.

ZUHURA: (anacheka) Si umesema mada ni sinema? Mama ameingiaje humo?

KOMBO: Kwa mlango wa mbele kabisa. Wewe umekulia miguuni pa ile cherehani. Hebu waeleze wasikilizaji, kitambaa huwa kinakwendaje?

ZUHURA: Kinasukumwa na yale meno ya chini. Sindano ikiwa juu, kitambaa kinasogea kidogo. Sindano ikishuka, kitambaa kimetulia. Ukikivuta wakati sindano iko ndani, inavunjika. Nimevunja mbili tatu, na kila moja nililia siku hiyo.

KOMBO: Pole! Basi shika hapo hapo: sogea, simama, sogea, simama. Watu hudhani taabu ya sinema ilikuwa kupiga picha nyingi upesi upesi. Wala. Hilo lilipatikana mapema. Mwaka 1878, Palo Alto kule California, Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia ya farasi, kila moja na uzi wake. Farasi akipita anagusa uzi, kamera inafyatuka. Aliyetoa fedha ni Leland Stanford, tajiri wa reli. Alitaka kujua kama farasi akikimbia kuna wakati miguu yote minne haigusi chini.

ZUHURA: Na upo?

KOMBO: Upo, ila si ule waliokuwa wakiuchora wachoraji, miguu imetanuliwa mbele na nyuma kama paka anayejinyoosha. Farasi anakuwa hewani miguu ikiwa imekunjwa chini ya tumbo.

ZUHURA: Huyo Muybridge si ndiye aliyeua mtu?

KOMBO: Ndiye. Mwaka 1874 alimpiga risasi aliyekuwa na uhusiano na mkewe, na mwaka uliofuata mahakama ikamwachia. Tukiingia huko, dada, hatutoki.

ZUHURA: Haya, endelea. Lakini kipindi chake kingine tunakidai.

KOMBO: Akaja Mfaransa Étienne-Jules Marey, daktari aliyependa kuchunguza jinsi ndege wanavyoruka. Mwaka 1882 alitengeneza kamera yenye umbo la bunduki. Unamlenga ndege, unavuta kifyatulio, unapata picha 12 kwa sekunde.

ZUHURA: Ndege akaenda zake salama. Sasa mimi nataka yule aliyepotea.

KOMBO: Louis Le Prince. Mfaransa, lakini alikuwa akifanya kazi Leeds, Uingereza. Oktoba 1888, kwenye bustani ya wakwe zake pale Roundhay, aliwapiga picha watu wanne wakizungukazunguka. Ni sekunde mbili tu. Umeiona?

ZUHURA: Nimeirudia hata sijui mara ngapi. Mama mkwe wake anatembea kinyumenyume, halafu anageuka. Na yule bibi alifariki mwezi huo huo. Sekunde mbili za bibi wa watu, kabla hata ulimwengu haujawa na jina la kitu hicho!

KOMBO: Septemba 1890 Le Prince akapanda treni Dijon kwenda Paris. Hakuonekana tena, wala maiti yake haikuthibitishwa. Alikuwa akijiandaa kwenda kuonyesha uvumbuzi wake New York.

ZUHURA: Familia ikamshuku Thomas Edison, yule mvumbuzi wa Marekani aliyekuwa naye akitengeneza mtambo wa picha.

KOMBO: Ikamshuku, na ushahidi haukupatikana. Mimi siamini. Edison hakuwa na haja ya kuua mtu, alikuwa na mawakili.

ZUHURA: Kombo! (wanacheka) Lakini hata huo mtambo wa Edison, si aliutengeneza kijana wake wa kazi?

KOMBO: Kwa sehemu kubwa ni William Dickson, ndiyo. Yeye ndiye aliyechukua utepe wa filamu wa kampuni ya Eastman, akaufanya uwe na upana wa milimita 35, na kila picha ikawa na matundu manne kila upande. Kipimo hicho kimedumu zaidi ya miaka mia. Wakatengeneza kasha liitwalo Kinetoscope. Aprili 1894 wakafungua duka Broadway, New York, makasha kumi. Unalipa senti 25, unachungulia makasha matano.

ZUHURA: Kuchungulia. Yaani mmoja mmoja, kama mtu anayechungulia jirani kupitia tundu la ufunguo. Kwa nini asimulike ukutani watu wote waone?

KOMBO: Sasa turudi kwa mama. Ndani ya kasha la Edison utepe haukusimama. Ulikwenda mfululizo, na kisahani chenye upenyo mwembamba kikazunguka juu yake, ili jicho lione kila picha kwa mmweko mfupi sana. Mmweko mfupi maana yake mwanga kidogo. Unamtosha mtu mmoja aliyeinamia tundu. Ukutani hufiki.

ZUHURA: Na upenyo ukiupanua?

KOMBO: Picha inavurugika, kwa sababu utepe unakimbia. Ndiyo sindano yako inavunjika. Lazima utepe usimame, umulikwe vya kutosha, ufunikwe, usogee, usimame tena. Mjini Lyon, Ufaransa, kulikuwa na familia ya Lumière, wenye kiwanda cha vifaa vya picha. Inasimuliwa kwamba Louis, usiku mmoja usingizi umemkataa, akaukumbuka mwendo wa cherehani. Akaweka kucha mbili zinazoingia kwenye matundu ya utepe, zinauvuta chini picha moja, zinachomoka, zinapanda kuifuata picha nyingine. Picha 16 kwa sekunde, kwa kuzungusha mkono. Na kifaa kilekile kinapiga picha, kinatoa nakala, kinaonyesha.

ZUHURA: Wakawaonyesha watu Desemba 28, 1895, Grand Café, Paris. Tiketi faranga moja, waliolipa 33. Halafu treni kwenye picha ikaja, watu wakatimua mbio!

KOMBO: Treni haikuwamo kwenye filamu kumi za usiku ule. Filamu yake ilionyeshwa baadaye, na waliopekua magazeti ya wakati ule hawakuikuta habari ya mbio hizo.

ZUHURA: Umeniharibia hadithi yangu ya miaka yote.

KOMBO: Ninayo tamu zaidi. Georges Méliès, mwanamazingaombwe, alikuwapo. Taa zikazimwa, kitambaani ikatokea picha ya uwanja mjini Lyon, imetulia tuli. Akamnong'oneza jirani: yaani tumeitwa kuangalia picha tuli zinazomulikwa kwa taa, mbona mimi nafanya haya miaka kumi? Hajamaliza, farasi kwenye picha akaanza kutembea kuwaelekea.

ZUHURA: Ah! Kwa hiyo waliianza imesimama makusudi.

KOMBO: Halafu wakazungusha mkono.

ZUHURA: Na Méliès akataka kununua papo hapo.

KOMBO: Mzee Antoine Lumière akamkatalia. Méliès akaenda London kwa fundi Robert Paul kutafuta mtambo. Na huyo Paul alianzaje? Kwa kunakili kasha la Edison, kwa kuwa Edison hakujishughulisha kusajili haki zake Ulaya.

ZUHURA: Kumbe! Na wale mawakili je?

KOMBO: Walikuwa Marekani.