Tope la Chini ya Bahari na Tsunami Mbili

Shikamooni wazee. Vijana, hamjambo.

Tarehe 26 Desemba 2004 mawimbi ya tsunami yaliyoanzia kisiwa cha Sumatra, Indonesia, yalivuka Bahari ya Hindi nzima, yakaua watu hadi Somalia, Kenya na Tanzania. Chanzo chake mmeshaelezwa mara nyingi: bamba moja la gandunia, yaani kipande kikubwa cha ganda gumu la dunia, huzama chini ya jingine, hukwama, kisha huachia ghafla. Ni kweli, ila hapo katikati pamerukwa jambo. Mabamba hayo hayagusani mwamba kwa mwamba. Baina yake kuna mashapo, kwa lugha ya nyumbani tope, na hilo ndilo lililonileta mbele yenu.

Bamba linapozama hubeba kila kilichotulia juu yake kwa mamilioni ya miaka: majivu ya volkeno, mabaki ya viumbe wadogo mno, udongo wa mito. Humo mna madini yanayoficha maji. Mashuhuri zaidi ni smektaiti, aina ya udongo wa mfinyanzi wenye tabaka nyembamba kama kurasa za kitabu, na maji yamekaa kati ya kurasa. Joto likifika kama nyuzi 60 hadi 150 za Selsiasi, smektaiti hugeuka kuwa ilaiti, udongo mwingine usio na maji mengi, na maji yale hutoka. Yakikosa pa kupenyea, shinikizo lake hupanda, yakaanza kubeba sehemu ya uzito wa miamba ya juu. Miamba ikibebwa na maji, msuguano hupungua.

Twende Japani, Machi 11, 2011, siku ya tetemeko na tsunami ya pili. Ufa, yaani mpaka ambapo mabamba husuguana, uliteleza kwa takriban mita 50 karibu kabisa na mfereji wa bahari, lile bonde lenye kina ambapo bamba huanza kuzama. Wataalamu wengi hawakulitarajia hilo, kwani ilidhaniwa udongo laini wa sehemu ile ya juu hutambaa polepole tu na hauwezi kuteleza kwa kishindo. Mwaka 2012 meli ya utafiti ya Chikyu ilikwenda kuchimba hapo, kwenye kina cha maji cha karibu mita 6,900, na kushuka zaidi ya mita 800 chini ya sakafu ya bahari. Ufa wenyewe ulikuwa na unene usiofika mita 5, na zaidi ya robo tatu ya udongo wake ilikuwa smektaiti.

Kisha watafiti wakaacha vipimajoto shimoni. Msuguano huzaa joto, na joto la ardhini halipoi upesi. Mwaka mmoja na nusu baada ya tetemeko, walikuta ziada ya nyuzi 0.31 tu. Mtelezo wa mita 50, joto likabaki dogo hivyo! Hesabu ikatoa kizigeu cha msuguano (namba inayopima ugumu wa kuteleza) cha 0.08, ilhali miamba ya kawaida huwa na 0.6 au zaidi. Kwangu mimi hiki ni kati ya vipimo vizuri kuliko vyote katika taaluma hii. Majaribio ya maabara nayo yalionyesha kwamba udongo ule ukisuguliwa kwa kasi, maji yaliyonaswa hupata moto, hutanuka, na utelezi huzidi.

Mtu angedhani basi Sumatra nayo ni hadithi ileile. Sivyo. Mwaka 2016 meli ya utafiti ya JOIDES Resolution ilichimba kwenye mashapo kabla hayajafika mferejini, udongo mwingi wake ukiwa umetoka Himalaya. Ndani kabisa walikuta maji yenye chumvi pungufu kuliko ya bahari. Maji hayo hayakutoka baharini; yalitoka ndani ya madini, hasa silika isiyo na umbo la fuwele. Mashapo yalirundikana haraka katika miaka milioni 9 iliyopita, ya chini yakafunikwa, yakapata joto, yakatoa maji mapema na kuwa magumu. Kwa hiyo huko ufa uliweza kulimbikiza nguvu hadi karibu na mfereji. Japani udongo ulikuwa dhaifu, Sumatra uliimarika, na kote kuwili mtelezo ulifika karibu na mfereji, ukainua bahari.

Ndiyo maana siridhiki ninaposikia mtu akisema mashapo manene ni kinga. Tazameni Makran, pwani ya Iran na Pakistan, inayokabiliana na Oman. Mashapo yake yana unene wa kilomita kadhaa, na tetemeko la Novemba 1945 lilileta tsunami. Swali la kuanzia pale ni joto: mashapo ya chini yameshafika nyuzi ngapi kabla ya kuingia mferejini? Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Karibuni kwa maswali.