Kanisa Likibadili Neno, Nani Anaombwa Radhi?

NEEMA: Karibuni tena. Tuko Ngamiani, barabara ya 8, hapa Tanga mjini. Dirisha tumeliacha wazi kwa joto hili, kwa hiyo mkisikia bodaboda mtuvumilie. Mimi ni Neema.

YONA: Na mimi Yona. Shikamoo, dada.

NEEMA: Marahaba. Ulisema una jambo limekukaa moyoni tangu Jumamosi.

YONA: Ndiyo. Nafundisha darasa la kipaimara, si unajua. Kijana mmoja kanyoosha mkono: "Mwalimu, kanisa linatakiwa liende na wakati, au wakati ndio uje kanisani?" Nikamjibu haraka haraka, Waebrania 13:8, Kristo ni yeye yule. Akanyamaza. Nilipofika nyumbani nikaona sikumtendea haki.

NEEMA: Kwa nini? Aya ni ya kweli.

YONA: Ni ya kweli, lakini yeye kauliza habari za kanisa, mimi nikamjibu habari za Kristo.

NEEMA: Basi tuanzie hapo hapo. Kanisa limeshabadilika mara nyingi, iwe tunapenda au hatupendi. Chukua uzazi wa mpango. Maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima hukutana Uingereza kila baada ya miaka 10 hivi, wanauita mkutano wa Lambeth. Mwaka 1908 walikataa kabisa njia za kuzuia mimba. 1920 wakakataa tena. 1930 wakapiga kura, 193 kwa 67, wakaruhusu kwa masharti. Mwaka huo huo haujaisha, Papa Pius XI akatoa waraka wa kukataa. Hao wote walikuwa na Biblia moja mkononi.

YONA: Hilo ukilisema darasani, mtoto atauliza, sasa nimwamini nani?

NEEMA: Atauliza, na ana haki ya kuuliza. Ila leo nataka kusema juu ya mitala, maana hilo limeingia hadi ndani ya nyumba yetu. Lambeth ya 1888 iliamua mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe. Afundishwe, awe mkatekumeni, yaani mwanafunzi wa ubatizo, asubiri mpaka atakapokuwa tayari kuifuata sheria ya Kristo ya mke mmoja. Wake zake, wao waliweza kubatizwa katika hali fulani, kila kanisa la mahali liangalie lenyewe. Na siyo Waanglikana peke yao, misheni karibu zote zilikuwa na sharti la namna hiyo. Kwa hiyo mzee akitaka ubatizo alifanya nini?

YONA: Anabaki na mmoja.

NEEMA: Na wengine?

YONA: Wanarudi kwao.

NEEMA: Bibi yangu mzaa mama alirudi kwao. Kanisa silitaji jina wala kijiji, ni huko huko Bondeni, nje ya Muheza. Yeye alikuwa mke mdogo. Mwaka 1949 babu akabatizwa. Cheti chake mama anacho mpaka leo, kwenye kopo la biskuti, karatasi imekuwa ya njano lakini wino unasomeka. Bibi aliondoka na mkeka, sufuria mbili na mtungi. Mama alikuwa na miaka sita. Akabaki kwa baba yake, kwa mke mkubwa, maana ndivyo ilivyoonekana inafaa.

YONA: Wakawa hawaonani?

NEEMA: Jumapili. Bibi alikuwa anatembea kutoka kwao mpaka kanisani, anakaa benchi la mwisho, la karibu na mlango. Watu wakitoka, anasimama pembeni ya ngazi, anafungua fundo la kanga, anampa mama kipande cha sukari guru. Mama anasema kilikuwa kimeshalainika kwa joto la mwili, kina nyuzi nyuzi za kanga. Anakila pale pale, kisha mama mkubwa anamwita. Ndiyo ilikuwa wiki nzima ya mama na mtoto. Kipande cha sukari guru.

YONA: Pole, dada.

NEEMA: Asante. Sasa sikiliza. Mwaka 1988, maaskofu wale wale, mkutano ule ule wa Lambeth, wakatoa azimio namba 26. Mwenye wake wengi akiamini, anaweza kubatizwa na kupewa kipaimara pamoja na wake zake na watoto wanaoamini. Masharti: asioe tena maadamu hata mmoja wao yu hai, na ushirika wa mahali wakubali. Halafu wakaandika kwamba asilazimishwe kumwacha mke yeyote, kwa sababu ya dhiki itakayompata huyo mwanamke. Miaka 100 kamili tangu lile la kwanza. Bibi alifariki 1981.

YONA: Miaka saba kabla.

NEEMA: Miaka saba.

YONA: Ngoja nikupinge kidogo, kwa heshima. Hapo 1988 mafundisho hayakubadilika. Azimio lenyewe linashikilia ndoa ya mke mmoja. Kilichobadilika ni namna ya kumpokea mtu aliyekuja na nyumba yake tayari. Hivyo ni vitu viwili.

NEEMA: Kwenye karatasi ni viwili, nakubali. Kwa bibi kilikuwa kimoja. Aliyekuja kumwambia afunge mkeka hakumwambia hii ni namna tu, mafundisho ni mengine. Aliambiwa ni neno la Mungu.

YONA: Lakini watu wa wakati ule walijua walichokijua.

NEEMA: Hapana, Yona, hapo sikuachii. Miaka ya 1850 na 1860 kulikuwa na askofu wa Natal, huko Afrika Kusini, John Colenso. Alisema waziwazi kwamba kumlazimisha mtu awafukuze wake zake ni kuwadhulumu hao wanawake. Alisema kabla ya 1888. Kwa hiyo usiniambie wakati ulikuwa haujafika. Alikuwepo wa kusema, hawakumsikiliza.

YONA: Sawa. Hofu yangu ipo hapa. Tukifungua mlango huu, tutaufunga wapi? 2003 kanisa la Kianglikana la Marekani limemweka wakfu askofu anayeishi na mwanamume mwenzake. Februari 2007 wakuu wa makanisa ya Kianglikana wamekutana hapo Dar es Salaam, wamebishana juu ya hilo hilo. Wale nao wanasema wanawaangalia wanaoumia.

NEEMA: Sitalikwepa. Ndoa mimi naishika kama nilivyofundishwa, mume na mke. Na mtoto wa mtu asifukuzwe nyumbani wala kanisani, hilo nalishika vile vile. Hapo mimi na wewe hatupishani sana. Kinachoniuma ni kingine. Kanisa linapobadilika linabadilika kimya kimya. Mwaka huu hili ni dhambi ya kukutenga, mwaka ule si dhambi tena, na katikati hakuna aliyesimama kusema, tulikosea, na waliolipia kosa letu ni hawa.

YONA: Vatikani walisema, 2023. Tarehe 30 Machi walikataa yale mafundisho yaliyotumika kuhalalisha Wazungu kunyang'anya nchi za watu, yaliyojengwa juu ya hati za mapapa za tangu 1452.

NEEMA: Walisema, na nashukuru, hata kosa walilitaja. Lakini soma tamko lenyewe: wanasema hati hizo hazikuwahi kuhesabiwa kuwa imani ya kanisa. Mtu aliyefanywa mtumwa kwa hati yenye muhuri wa Papa, angeijuaje tofauti hiyo?

YONA: Nikiwaambia vijana kanisa limekosea, wengine watatoka.

NEEMA: Wengine wameshatoka kwa sababu hatuwaambii. Huyo aliyekuuliza hajatoka. Bado anauliza.

YONA: Jumamosi nitamwambia nilimjibu vibaya. Nianzie hapo. Mama anasemaje juu ya haya yote?

NEEMA: Mama hataki makuu. Anataka padri aende kaburini kwa bibi, asome sala, na aseme kwa sauti alichofanyiwa, wajukuu wasikie. Nimempelekea padri wetu ombi. Kasema atazungumza na wazee wa kanisa kwanza. Nasubiri.

YONA: Mkienda, nije?

NEEMA: Njoo. Uje na jembe, pameota majani mpaka kiunoni.