Umefuta dokumenti kwenye flashi? Usiiguse kwanza, tazama hii

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo tunarudisha dokumenti zilizofutwa, na siongei kwa mdomo tu, hii hapa flashi ya GB 16 ina faili za Word na PDF kadhaa, nazichagua zote, futa, ndiyo, kwisha habari yake. Nafungua kapu la taka... tupu! Kwenye Windows ukifuta kitu kilichokuwa kwenye flashi hakipitii kapuni, kinapotea mazima, na hapo ndo watu huanza kushika kichwa.

Sasa tulia. Usikopi kitu chochote kwenye hiyo flashi, usihifadhi hata picha moja, usikubali kufomati hata kompyuta ikikuomba. Kwa nini? Kwa sababu ukifuta faili kompyuta haigusi maandishi yako, inaondoa tu jina kwenye orodha na kuandika kwamba nafasi ipo. Mpangaji bado yumo ndani, kilichotolewa ni kibao cha mlangoni. Ila ukileta mpangaji mpya, yule wa zamani ndo ametupwa nje na hakuna fundi wa kumrudisha.

Haya, programu tunayotumia inaitwa PhotoRec, aliyeitengeneza ni Christophe Grenier, ni ya bure kabisa na inakuja pamoja na nyingine inaitwa TestDisk. Jina linadanganya, haiokoi picha peke yake. Pakua, fungua kifurushi, weka kwenye deskitopu. DESKITOPU, sio kwenye flashi! Mimi mara yangu ya kwanza nilikuwa naokoa ripoti ya dada yangu, nikachukua programu yenyewe ya kuokolea nikaitupia humohumo kwenye flashi yenye tatizo, halafu nilichookoa nikakihifadhi humohumo tena. Ripoti ikafunguka kurasa mbili, zilizobaki ni vinyota na maboksi. Dada hakuninunia, na hiyo ndo iliniuma zaidi.

Tuendelee. Ndani ya folda kuna faili nyingi, we tafuta qphotorec_win, hiyo ina madirisha ya kubofya. Ipo pia ya skrini nyeusi ya kutumia mishale, mimi ndo naipenda, najiona kama haka wa kwenye muvi, lakini leo tusiteseke. Windows itauliza ruhusa, kubali. Hapa juu chagua diski, na usiangalie jina, angalia ukubwa. Natafuta ya GB 16... mbona siioni? Subirini. Kuna hii ya kompyuta, kuna hii... hapana. Aaa, nimeichomeka kwenye hii hab yangu iliyolegea, kile kigawanyio cha matundu ya USB, mnaona taa yenyewe haiwaki. Naichomoa, naiweka moja kwa moja kwenye laptopu, nafunga programu nafungua upya. Eheee, imekuja. Hii sikati kwenye video, maana yatawakuta na nyie.

Chagua patisheni, yaani ile sehemu ya diski zinapokaa faili, chini yake acha ile yenye FAT na NTFS, hizo ni namna diski inavyopanga faili zake. Halafu kuna Free na Whole. Kama umefuta tu, chukua Free, inachungulia sehemu zilizo wazi peke yake. Kama flashi imefomatiwa au imeharibika haifunguki, chukua Whole, inapekua patisheni nzima.

Sasa njooni karibu na skrini. Bofya File Formats, bofya Reset ili zote zitoke tiki, kisha weka tiki kwenye unazotaka. Watu wanaweka tiki kwenye doc, wanasubiri, wanapata patupu, wanakuja kunitukana kwenye komenti. Jamani, doc hapa ni zile za Word za zamani. Faili ya docx kwa ndani ni zip! Ukiitazama herufi zake mbili za mwanzo ni PK, yaani Phil Katz, jamaa aliyebuni zip. Kwa hiyo Word, Excel na PowerPoint za kisasa zote zinakaa kwenye zip. Weka tiki kwenye ZIP. Narudia, zip, na doc na pdf ukipenda, lakini zip usisahau.

Chini chagua pa kuhifadhi, natengeneza folda deskitopu naiita okoa. Sio kwenye flashi, nimeshasema lakini nasema tena, SIO KWENYE FLASHI. Bofya Search, nenda kaoge.

Haya nimerudi. Imetengeneza folda recup_dir.1, ikifika faili 500 inafungua ya pili. Majina ni f na tarakimu ndefu, kwa sababu majina yako yalikuwa kwenye ile orodha iliyofutwa na hii programu haiangalii orodha kabisa. Inabidi ufungue mojamoja. Hii... siyo, hii... hiyo hapo! Barua yangu nzima, na jedwali lake.

Lakini msije na laptopu zenye SSD, zile diski za kisasa zisizozunguka, mkadhani mambo ni haya haya. SSD nyingi zina kitu kinaitwa TRIM, ukifuta tu inaambiwa isafishe, baada ya muda mfupi hakuna cha kuokoa.

Ndo maana nina diski ya nje. Kwenye Windows washa File History, yenyewe inakopi kila saa, kwenye Mac ni Time Machine. Mimi nafuata nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2, na 1 ikae mbali na nyumba. Na Google Drive kama inasinki folda yako usiiite bakapu, yaani nakala ya akiba, ukalala, ukifuta huku na kule inafutika, kapu lake linakutunzia siku 30 tu.

Kitu kimoja ambacho karibu kila mtu anaruka: jaribu kurudisha. Chukua faili moja kutoka kwenye bakapu, ifungue, isome. Nilikuwa na diski niliyoiamini miezi mingi, siku naihitaji nikakuta nilikuwa nakopi shotikati, zile ikoni zenye kimshale, faili zenyewe hazimo. Ngoja niwaonyeshe hapa, bofya kulia, Properties, ukubwa... KB 2. Dokumenti ya kurasa 80, KB 2! Yangu ya leo inasema MB 4, hiyo sawa. Sasa nachomoa diski, naiweka kabatini, maana ikibaki imechomekwa virusi vya kufunga faili vikiingia vinaila na yenyewe.