Kijitabu cha mazishi: kagua faili kabla ya kuipeleka matbaa

Hamjambo, karibuni tena. Niko mezani kwangu hapa Kondele, Kisumu, na kazi iliyo mbele yangu mnaijua: kijitabu cha mazishi. Kurasa 16, saizi ya A5, nakala 500. Leo ni Jumatano. Mwili unatoka mochari Ijumaa, mazishi ni Jumamosi. Kosa likishachapwa, ndilo watu watakalopepea nalo juani.

Anza kwa kuhesabu kurasa. Kijitabu hiki kitakunjwa katikati na kupigwa stepla, na kila karatasi ikikunjwa inazaa kurasa 4. Kwa hivyo jumla lazima igawike kwa 4. Familia ikikuletea kurasa 14, waambie mapema waongeze picha. Na usihangaike kuweka ukurasa wa 1 ubavuni mwa wa 16, ingawa zitakaa kwenye karatasi moja. Tuma kurasa moja moja kwa mfuatano wake, matbaa watazipanga wenyewe.

Saizi sasa. A5 ni milimita 148 kwa 210. Lakini jalada letu lina samawati inayofika hadi pembeni, na kisu cha matbaa hukata rundo zima kwa mpigo mmoja. Karatasi husogea kidogo. Rangi ikiishia pale pale kwenye mstari wa kukatia, nakala zingine zitatoka na uzi mweupe ukingoni. Basi vuta rangi ipite mstari kwa milimita 3 kila upande. Ukurasa unakuwa 154 kwa 216. Maneno nayo yarudi ndani, angalau milimita 5 kutoka kwenye mstari. Tazama hapa chini: tarehe ya kuzaliwa imekalia mstari wenyewe. Naipandisha.

Picha. Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo kazi nyingi huharibika. Hii ya jalada kijana wa marehemu alinitumia kwa WhatsApp. Kwenye simu inapendeza kabisa. Haya, naikuza mara nne... mnaona? Ukingo wa kofia ya mzee umekuwa ngazi, na jicho la kushoto ni miraba mitatu ya kahawia. Nikiangalia sifa za picha, upana wake ni pikseli 720, yaani vile vimiraba vidogo vinavyounda picha. Uchapaji safi unataka pikseli 300 kwa kila inchi, na jalada letu lina upana wa inchi 6 na kitu. Nahitaji zaidi ya pikseli 1,800. Hii 720 inatosha picha ya sentimita 6 tu, ya kuweka ndani karibu na wasifu.

Kuna wale huandika namba kubwa ya pikseli kwenye programu wakidhani wametatua. Kompyuta inabuni pikseli. Jicho la mzee hairudishi. Mwambie mwenye picha atume ile halisi kama dokumenti, si kama picha, ili WhatsApp isiibane. Ikiwa ni ya karatasi, ipitishe kwenye skana, usiipige picha kwa simu.

Rangi nitapita haraka. Skrini huchanganya mwanga. Mashine huchanganya wino wa aina nne: samawati, majenta, njano na nyeusi. Ndiyo ile CMYK. Samawati inayong'aa kwenye skrini yako itapoa kwenye karatasi, kwa hivyo badilisha faili iwe CMYK mapema uione. Maandishi madogo yapake nyeusi peke yake, asilimia 100. Yakipakwa wino zote nne, karatasi ikisogea unywele mmoja, herufi zinaota kivuli.

Ukishatoa PDF, ifungue kwa Adobe Reader, bonyeza Ctrl na D, kisha nenda penye orodha ya fonti, yaani aina za herufi. Kila fonti iwe na neno "Embedded" kando yake. Isiyo nalo haimo ndani ya faili, na kompyuta ya matbaa itaweka yoyote iliyo nayo.

Mwisho ni majina, na hapo hakuna programu itakayokusaidia. Kuna wakati nilikabidhi kijitabu ambacho kompyuta ilikuwa imemgeuza Auma kuwa Aroma. Shangazi yake alikisoma kimya, akanitazama, akakirudisha mezani. Tangu siku hiyo natoa nakala moja kwenye printa ya kawaida, naikunja kama itakavyokunjwa, na mtu mmoja wa familia anayewajua wakwe na wajukuu wote anaisoma na kutia sahihi kila ukurasa. Kwa kalamu. Kusoma kwenye simu sikubali.

Ngoja kidogo, simu inalia... ni kijana, ametuma dokumenti. Tuangalie: 3,024 kwa 4,032. Hiyo sasa ni picha ya jalada. Naiweka, halafu nakuza tena pale kwenye kofia.