Mnakata Nini?

Ndugu walimu, na ninyi wanafunzi mliojibana kule nyuma, leo nathibitisha ubaoni kwamba 4 ni sawa na 5. Atakayenikamata, chai na chapati juu yangu.

Tuanze na lisilo na ubishi: 16 − 36 = 25 − 45. Kila upande ni −20. Najumlisha 81/4 huku na huku, mizani haijainama. Upande wa kushoto sasa ni (4 − 9/2)², wa kulia (5 − 9/2)². Fungueni mabano wenyewe kama hamniamini. Nakata vipeo: 4 − 9/2 = 5 − 9/2. Navusha 9/2. Basi, 4 = 5.

Nasikia mtu anasema ubaya uko kwenye 81/4. Wengi husema hivyo, maana sehemu hutisha. Hapana, pale ni salama. Tazameni: 4 − 4.5 ni −0.5, na 5 − 4.5 ni 0.5. Kipeo cha pili cha kila moja ni 0.25. Vipeo vimelingana, namba hazikulingana. Uongo niliupitisha niliposema "nakata".

Neno hilo ndilo lililonileta hapa. Nami nimelitumia miaka mingi, sijitoi. Lakini mara "kukata" ni kutoa, mara ni kugawanya, mara ni kutafuta kipeuo cha pili. Kutoa hakuna masharti. Ukigawanya, unachogawanyia kisiwe sifuri. Na x² = y² inakupa x = y au x = −y; huchagui unayoipenda.

Ule uthibitisho mkongwe wa 1 = 2 hupita mlango huohuo. Chukua a = b, ufike (a − b)(a + b) = b(a − b), kisha "ukate" (a − b), ubaki na a + b = b, yaani 2b = b. Umegawanya kwa sifuri!

Na "kuvusha" je? Mwanahisabati Al-Khwarizmi, kule Baghdad karne ya 9, aliliita tendo lake al-jabr, kurudishia kilichopungua, na alirudishia pande zote mbili. Hakuna kilichovuka. Kwa Kiarabu jabr ni pia kuunga mfupa uliovunjika.

Haya, kalamu mkononi. x² = 5x. Dakika moja.

Waliopata 5 peke yake, mikono juu. Wengi hivyo? Sifuri mmeipeleka wapi?